Cecil Rhodes: Mwenye Migodi Aliyeshika Serikali

Wazee husema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Msomaji wangu wa Busia na Malaba, ishike methali hii, nami nitakuonyesha ukweli wake katika maisha ya Cecil Rhodes.

Rhodes alizaliwa Uingereza mwaka 1853, mwana wa kasisi. Kwa kuwa afya yake ilikuwa dhaifu, alipelekwa Afrika ya Kusini mwaka 1870, na mwaka uliofuata akafika Kimberley, palipokuwa na almasi. Alikuwa kijana mwenye bidii na hila. Alinunua mashimo ya wenzake kidogo kidogo, hata mwaka 1888 akaunda kampuni ya De Beers, ambayo punde ilishika karibu almasi yote ya ulimwengu. Wachimbaji Waafrika walifungiwa katika kambi zenye kuta muda wote wa mkataba wao, wakapekuliwa wasije wakatoka na jiwe.

Lakini mali hutaka sheria ya kuilinda. Rhodes aliingia Bunge la Koloni la Cape mwaka 1881, na mwaka 1890 akawa Waziri Mkuu, naye angali mkuu wa kampuni yake. Hapo ndipo ngozi ilipovutwa. Sheria ya mwaka 1892 iliongeza thamani ya mali iliyompasa mpiga kura kuwa nayo, kutoka pauni 25 hadi pauni 75. Waafrika wengi wakakosa kura. Sheria ya Glen Grey ya mwaka 1894 iliweka kodi ya shilingi 10 juu ya wanaume wasiotoka kwenda kazi ya kuajiriwa. Je, ni nani aliyehitaji vibarua? Ni yule yule aliyeitunga sheria.

Tamaa ilimponza. Mwishoni mwa mwaka 1895 rafiki yake Jameson aliivamia Transvaal, nchi ya Makaburu yenye dhahabu, akashindwa. Rhodes, aliyeshiriki kwa siri katika njama hiyo, alijiuzulu Januari 1896. Alikufa mwaka 1902, akiacha fedha za kuwasomesha vijana katika Chuo Kikuu cha Oxford.

Usidhani kwamba mambo haya yalikuwa ya mbali tu. Mwaka 1930 serikali ya Kenya iliwaahidi Waafrika kwa sheria kwamba ardhi ya hifadhi zao itakuwa yao milele. Dhahabu ilipoonekana Kakamega, sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 1932, ili ardhi ya machimbo ichukuliwe pasipo kuwapa wenyeji ardhi nyingine badala yake. Na hata leo dhahabu huchimbwa ng'ambo yenu, katika Busia ya Uganda.

Basi, kijana, kesho utakuwa mpiga kura. Mtu akikuomba umpe madaraka, usitazame ukarimu wake tu. Uliza ana mali gani, na sheria atakazozitunga zitamfaa nani.