Hazel Scott: Mikono Miwili, Piano Mbili

Mwanamke ameketi katikati ya piano mbili kubwa, moja nyeupe, moja nyeusi. Mkono mmoja uko huku, wa pili uko kule, muziki ni mmoja, na usoni anatabasamu kama mtu anayepiga soga barazani. Ni Hazel Scott katika filamu ya The Heat's On, mwaka 1943. Alicia Keys alipoketi vivyo hivyo kwenye tuzo za Grammy mwaka 2019, alimtaja kwa jina, na wengi wakabaki kuulizana: Hazel yupi?

Jibu liko katika The Disappearance of Miss Scott, filamu ya Nicole London iliyorushwa na PBS ya Marekani Februari 2025. Nimeitazama mara mbili na bado sijakinai.

Alizaliwa Port of Spain, Trinidad, mwaka 1920, akahamia New York akiwa na miaka minne. Mama yake, Alma, alikuwa mwanamuziki. Alipofikisha miaka minane akapelekwa Juilliard, chuo ambacho hakikupokea mtu aliye chini ya miaka 16. Akapiga kipande cha mtunzi Rachmaninoff. Kuna mahali kiganja kinapaswa kutanuka kufikia noti ya tisa. Chake hakikutosha, basi akachagua noti za jirani zinazopatana, akaendelea. Profesa Oscar Wagner akamchukua amfundishe mwenyewe.

Mwaka 1939 akarithi nafasi ya Billie Holiday katika klabu ya Café Society, ambako weusi na weupe walikaa pamoja. Mtindo wake ulikuwa uchokozi mtupu: anaanza kipande cha klasiki kwa adabu zote, kama kilivyoandikwa, halafu mkono wa kushoto unaanza utundu, na ghafla Chopin anacheza dansi.

Kwenye mikataba alikuwa mgumu. Hapigi mbele ya hadhira iliyotenganishwa kwa rangi, haigizi kijakazi. Katika The Heat's On walitaka wanawake weusi wanaowaaga waume zao waendao vitani wavae aproni zilizochafuliwa makusudi. Hazel akauliza ni mke gani humuaga mumewe hivyo, akagoma siku tatu. Aproni zikaondolewa, lakini Harry Cohn, bosi wa studio ya Columbia, hakumsamehe. Kwa hiyo filamu iliyotuhifadhia zile piano mbili ndiyo hiyo hiyo iliyoanza kumfungia milango ya Hollywood.

Julai 1950 akapata kipindi chake kwenye runinga ya DuMont, miongoni mwa wanawake weusi wa kwanza Marekani kufikia hapo. Wakati huo huo jina lake lilikuwa miongoni mwa 151 yaliyochapwa katika Red Channels, kijitabu cha waliodaiwa kuwa na mwelekeo wa kikomunisti. Hakuitwa na mtu. Alikwenda mwenyewe mbele ya kamati ya Bunge mwezi Septemba kujibu, ingawa mumewe, mbunge Adam Clayton Powell Jr., alimshauri anyamaze. Wiki moja baadaye kipindi kikafutwa.

Ndiyo maana sipendi kusikia kwamba Hazel Scott "alisahauliwa". Kusahau hakuna mwenyewe. Huyu alifutwa, na waliofuta wana majina. Hata picha za kipindi chake hakuna zinazojulikana kuwa zimesalia. Mwigizaji Edie Adams alieleza mwaka 1996 kwamba shehena ya kanda za DuMont ilitupwa majini, kwenye ghuba ya New York.

Mwaka 1957 alihamia Paris, akarudi nyumbani baada ya miaka kumi, na saratani ikamchukua mwaka 1981.

Kwa anayetaka kumsikia bila gauni la Hollywood, ipo albamu ya Relaxed Piano Moods ya mwaka 1955. Charles Mingus yuko kwenye besi, Max Roach kwenye ngoma, wanaume wawili wasiobembeleza mpiga piano yeyote. Hazel hana haraka nao. Anaweka noti, anaiacha ikae, na wao wanamsubiri.