Kupunguza uzito kwa vyakula vya ziwani: Mapishi matatu ya mukeke, ndagala na maharagwe

Barabara ya taifa namba 3 itokayo Bujumbura kwenda Rumonge hufuata ukingo wa Ziwa Tanganyika, na Kabezi ni miongoni mwa maeneo ya mwanzo ambayo msafiri huyapita baada ya kuuacha mji huo wa kibiashara wa Burundi. Upande mmoja kuna ziwa lenye ndagala, mukeke na sangala. Upande wa pili kuna vilima vya mihogo, ndizi na maharagwe, na kadiri mtu anavyokaribia Rumonge ndivyo michikichi inavyozidi kuonekana.

Mkaazi wa ukanda huu anapoambiwa na daktari kwamba apunguze uzito, jambo la kwanza linalomjia akilini ni gharama. Hudhani kuwa atalazimika kununua nafaka za pakiti, matunda ya kigeni na vyakula ambavyo jirani zake hawavijui. Ukweli ni kwamba karibu kila anachohitaji kimo katika soko la karibu. Kinachopaswa kubadilika ni vipimo: mafuta yanayomiminwa chunguni, ukubwa wa ugali, na namna samaki anavyopikwa.

Lakini kuna swali jingine ambalo miongozo mingi ya kupunguza uzito hailigusi. Katika nyumba nyingi chungu ni kimoja. Mama mwenye shinikizo la damu anakula chakula kilekile anachokula mtoto wa miaka miwili, na mahitaji yao hayafanani hata kidogo.

Nani anahitaji kupunguza uzito?

Shirika la Afya Duniani, WHO, hutumia kipimo kinacholinganisha uzito na urefu. Gawanya uzito wako kwa kilo na urefu wako kwa mita, kisha jibu uligawanye tena kwa urefu huo huo. Mtu mzima anayepata 25 au zaidi ana uzito uliozidi, na anayefikia 30 ana unene uliopitiliza. Kwa mfano, mtu mwenye kilo 80 na urefu wa mita 1.65 hupata takriban 29.

Kwa mujibu wa shirika hilo, mwaka 2022 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa akiishi na unene uliopitiliza, hali inayoongeza hatari ya kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Hata hivyo, si lazima mtu akonde sana ili apate nafuu. Kupungua kwa asilimia 5 hadi 10 ya uzito, yaani kilo 4 hadi 8 kwa mtu wa kilo 80, kunaweza kuteremsha shinikizo la damu na sukari. Mwendo unaopendekezwa ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, bila haraka.

Kwa nini tuanze na mafuta?

Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ilhali gramu moja ya wanga au ya protini ina kalori 4. Mawese, alizeti na mafuta mengine yote yako sawa katika hilo.

Chukua mfano wa chungu cha watu sita kilichotiwa glasi ya mawese ya mililita 200. Mafuta hayo peke yake yana zaidi ya kalori 1,600, yaani takriban 270 kwa kila mlaji, kabla hajagusa ugali wala samaki. Chungu hicho hicho kikipikwa kwa vijiko vitatu vikubwa vya mafuta, kila mlaji hupata kalori 60 hivi. Tofauti ya kalori 200 kwa mlo mmoja, ikirudiwa kila siku, ndiyo inayoonekana kwenye mizani baada ya miezi michache.

Hii haimaanishi kwamba mawese ni sumu. Rangi yake nyekundu inatokana na viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, na ambavyo huharibika mafuta yanapochemshwa mpaka yakapauka. Hata hivyo, karibu nusu ya mafuta yaliyomo ni ya aina inayoongeza lehemu katika damu. Yatumie kwa kijiko, usiyamimine moja kwa moja kutoka kwenye chupa.

1. Mukeke wa kuchoma na kachumbari

Mahitaji (watu wanne): mukeke wanne wa wastani, ndimu mbili, punje nne za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi, pilipili, nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kimoja kikubwa cha mafuta. Kwa kachumbari: nyanya nne, vitunguu viwili, tango moja na ndimu moja.

Namna ya kupika: Safisha samaki na umchanje mara tatu kila upande. Twanga kitunguu saumu, tangawizi na pilipili, changanya na chumvi na maji ya ndimu, kisha umpake mpaka ndani ya michanjo. Mwache kwa nusu saa. Paka mafuta kwenye wavu, wala si kwa samaki, halafu mchome juu ya makaa yasiyo na ndimi za moto kwa dakika 7 hadi 10 kila upande. Asiungue akawa mweusi. Katakata kachumbari wakati samaki yuko motoni na uikamulie ndimu badala ya kuongeza chumvi.

Mukeke huyu huyu akizamishwa katika mafuta ya kukaangia hunyonya sehemu ya mafuta hayo, na aghalabu huletwa mezani pamoja na chipsi au ndizi za kukaanga, ambazo nazo zimenyonya.

2. Ndagala kwa lengalenga

Mahitaji (watu sita): vikombe viwili vya ndagala wakavu, mafungu matatu ya lengalenga (mchicha), nyanya tano, vitunguu viwili, nyanya chungu nne, vijiko vitatu vikubwa vya mawese, ndimu moja.

Namna ya kupika: Chambua ndagala, waloweke katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 10, kisha uwasuuze mara mbili ili mchanga na chumvi vitoke. Wakaange katika sufuria kavu, bila mafuta, kwa dakika 3 hadi 5 mpaka wanukie. Watoe. Weka mawese na vitunguu, kisha nyanya na nyanya chungu, ufunike mpaka viive na kuwa rojo. Ongeza nusu kikombe cha maji, rudisha ndagala na uache vichemke taratibu kwa dakika 10. Lengalenga huingia mwisho, kwa dakika 5 tu. Onja kabla ya kutia chumvi, kwa kuwa ndagala waliokaushwa kwa chumvi huenda wakatosha wenyewe. WHO inashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai.

Ndagala huliwa mzima pamoja na mifupa, hivyo mlaji hupata protini na kalsiamu kwa pamoja.

3. Maharagwe kwa ndizi na nyanya chungu

Mahitaji (watu sita): vikombe viwili vya maharagwe makavu, ndizi mbichi za kupika tatu, nyanya chungu sita, nyanya tatu, kitunguu kikubwa, vijiko vitatu vikubwa vya mafuta, chumvi kidogo.

Namna ya kupika: Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha uyachemshe kwa maji mapya mpaka yalainike kabisa. Kaanga kitunguu na nyanya kwa mafuta uliyoyapima, tia nyanya chungu na ndizi zilizokatwa vipande, halafu maharagwe na supu yake. Acha vichemke mpaka ndizi ziive.

Mlo huu hauhitaji ugali. Ndizi tayari ni wanga, na maharagwe yenyewe yana wanga pamoja na protini. Nyuzinyuzi za maharagwe huchelewesha njaa, jambo linalomsaidia anayepunguza chakula asirudi jikoni baada ya saa mbili. Pishi hili pia ni akiba nzuri samaki anapoadimika. Nchi nne zinazopakana na Ziwa Tanganyika zimekubaliana kusitisha uvuvi kwa miezi mitatu kila mwaka, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaliana.

Ugali wa kiasi gani?

Unga wa muhogo ni wanga karibu mtupu. Wataalamu wengi wa lishe hushauri sahani igawanywe hivi: nusu iwe mboga, robo iwe samaki au maharagwe, na robo iwe ugali, wali au viazi. Ugali wa ukubwa wa ngumi yako unatosha kwa mlo mmoja. Anayekula sombe (kisamvu) akumbuke kwamba majani ya muhogo ni lazima yatwangwe na kuchemshwa kwa muda mrefu ili kuondoa sumu yake ya asili. Kinachoongeza uzito ni mawese na karanga zinazofuata.

Vinywaji navyo vihesabiwe. Chupa moja kubwa ya bia, ya sentilita 72, ina takriban kalori 300, na soda ina sukari nyingi isiyoshibisha.

Chungu kimoja, mahitaji tofauti

Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Kwa hiyo mzazi anayepunguza uzito hapaswi kumpunguzia mtoto.

Njia iliyo rahisi ni kupika kwa mafuta machache, kisha kuongeza kwenye sahani ya mtoto baada ya kupakua. Kijiko cha chai cha mawese, karanga zilizosagwa, au unga wa ndagala waliotwangwa na kuchanganywa katika uji humpa mtoto aliyetimiza miezi sita nguvu anayoihitaji. Mpakulie mtoto kwanza, kisha watu wazima. Wajawazito na wanaonyonyesha nao wasianze kupunguza chakula bila ushauri wa mhudumu wa afya.

Umwone daktari lini?

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki unene bado huhesabiwa kuwa ni neema, na anayekonda huulizwa kama anaumwa. Ni vyema kuieleza familia mapema sababu ya mabadiliko hayo, ili asije akashinikizwa kuongezewa chakula.

Anayetumia dawa za kisukari azungumze na daktari kabla ya kupunguza ugali, kwa kuwa sukari yake inaweza kushuka ghafla hadi kiwango cha hatari. Na anayepungua uzito bila kukusudia, hasa akiwa na kikohozi cha muda mrefu, homa au kiu isiyokwisha, afike kituo cha afya kwa uchunguzi. Kukonda kwa namna hiyo hakutokani na mapishi.