Woga wa Mgeni, Woga wa Mwenyeji

Wadau, swali la leo: nani ana uwezo wa kuogopa safari?

Sisi wa Garsen tumekulia njia panda: huku Malindi, huku Lamu, huku Hola. Wazee wanakumbuka miaka ya tisini, mabasi ya Lamu yakisindikizwa na polisi wenye bunduki kwa sababu ya mashifta. Watu waliogopa, na walisafiri hivyo hivyo.

Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake kuhusu Mombasa. Kampuni za utalii zikawarudisha mamia kwao kwa ndege. Mwezi mmoja baadaye, 15 Juni, Mpeketoni ikashambuliwa, watu zaidi ya 60 wakauawa. Julai ikafuata Gamba, kituo cha polisi hapa Tana River. Kwa hivyo siwezi kusema woga ule ulikuwa wa bure.

Lakini tazama tofauti. Mtalii akiogopa, anachagua nchi nyingine. Mama wa Garsen anayempeleka mtoto hospitali Malindi anaogopa vilevile, ila anapanda basi na kusoma dua. Hana njia nyingine.

Tena woga hauna tarehe ya mwisho. Lami imeshafika Lamu, na rafiki yangu wa Nairobi bado ananiuliza, "Huko kwenu ni salama?"

Ndugu yangu, usiniulize hivyo. Niulize barabara gani, saa ngapi, mwezi huu kumetokea nini. Hapo nitakujibu, hata kama jibu ni "ngoja kwanza."