Majeshi Angani: Kutoka kwa Ibn Fadlan Hadi Upepo wa Jua

Ukiwa umeketi unangoja adhana ya Maghrib, hebu twende pamoja hadi ukingo wa mto Volga, mwaka 922.

Ahmad ibn Fadlan alitumwa na Khalifa al-Muqtadir kutoka Baghdad kwenda kwa mfalme wa Bulghar, ambaye alikuwa amesilimu. Usiku wake wa kwanza huko aliona mbingu imekuwa nyekundu kama moto, na ndani yake maumbo ya watu na farasi, wameshika panga na mikuki, kundi moja likilivamia jingine. Yeye na wenzake waliogopa wakaanza kuomba dua. Wenyeji waliwacheka! Mfalme akamwambia kuwa wazee wao walisema hao ni majini, waumini na makafiri, wanapigana.

Usiku mmoja aliingia hemani kupiga gumzo na fundi cherehani wa mfalme, mtu wa Baghdad, huku wakisubiri Isha. Kutoka nje, kumbe inaadhiniwa Alfajiri. Usiku wa kiangazi kule ni mfupi kiasi hicho. Muadhini akamweleza kuwa kwa mwezi mzima hajalala, akihofia swala ya Alfajiri kumpita.

Wataalamu wengi wanaona zile taa ni zile zinazoitwa aurora. Sasa, wako ndugu zetu hupenda kusema Waislamu waligundua kila kitu. Mimi siungi mkono. Ibn Fadlan hakujua chanzo chake, wala hakudai kujua. Aliandika alichoona, akaandika na maneno ya wenyeji, hata aibu ya kuchekwa hakuificha. Kwangu mimi hiyo ni amana kubwa kuliko madai yetu.

Chanzo kilianza kueleweka karibu miaka elfu moja baadaye. Kristian Birkeland wa Norway alijenga kituo juu ya mlima Haldde mwaka 1899, kwenye baridi kali, na mwenzao mmoja alifunikwa na theluji akafa. Kisha katika maabara alichukua tufe lenye sumaku ndani, akaliweka kwenye chombo kilichotolewa hewa, akalirushia elektroni. Zikamulika karibu na ncha za tufe, vile aurora inavyofanya duniani. Akasema basi chembe hizi hutoka kwenye jua, na mikondo ya umeme hushuka kufuata sumaku ya dunia. Wakubwa wa sayansi kule Uingereza hawakumkubali.

Na hili litakufurahisha wewe unayeamka kula daku. Birkeland alihamia Misri, akakaa Helwan, kuchunguza mwanga hafifu unaosimama wima upande wa mashariki kabla ya mapambazuko. Ndio ule ambao vitabu vya fiqhi huuita alfajiri ya uongo! Alifariki Tokyo mwaka 1917. Setilaiti ilipopita juu ya ncha ya kaskazini miaka ya 1960, ile mikondo yake ikapatikana.

Mwaka 1958 Eugene Parker alionyesha kwa hesabu kuwa jua hutoa upepo daima, nao hubeba sumaku ya jua. Chombo Mariner 2 kiliuthibitisha mwaka 1962. Huenda kama kilomita 400 kwa sekunde. Lakini mbona aurora siku nyingine huwaka na nyingine huwa dhaifu? Jibu alilitoa James Dungey mwaka 1961. Sumaku ya upepo ikielekea kusini, inakuwa kinyume na ile ya dunia upande wa mchana. Zikikutana huungana, ni kama mlango umefunguliwa, na nishati huingia na kujikusanya nyuma ya dunia, upande wa usiku. Ikielekea kaskazini, sehemu kubwa ya nishati hubaki nje.

Nishati hiyo ikifunguka hutikisa nyuzi za sumaku, na mawimbi hukimbia juu yake kuelekea chini. Hannes Alfvén aliyatabiri mawimbi ya aina hii mwaka 1942. Elektroni hupandishwa na wimbi, mfano wa ngalawa inayosukumwa kuelekea ufukoni, kisha huigonga oksijeni ya hewa ya juu: rangi ya kijani kama kilomita 100 hivi, nyekundu juu zaidi ya 200. Ule wekundu wa Ibn Fadlan.

Jambo hili la elektroni kupanda wimbi lilipimwa moja kwa moja kwenye maabara huko Los Angeles, na matokeo yakatolewa mwaka 2021.