Herufi Tatu za Mgodi wa Buzwagi

Mtu aukaribiaye mji wa Kahama akitokea upande wa Isaka huona vilima vya kijivu ambavyo havikuwapo zamani za babu zetu, maana si kazi ya maumbile bali ni vifusi vilivyolimbikizwa na mitambo. Hivyo ndivyo vifusi vya Buzwagi, mgodi ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2009 na kukoma kuitoa mwaka 2021. Habari za mawe yake wamekwisha kuzieleza wenye elimu ya miamba. Mimi nataka kusimulia tarikhi ya maneno yake, kwa sababu nimesadiki kwamba nchi ile ilitikiswa na maneno kabla ya kutikiswa na baruti.

Maneno hayo yalikuja kwa Kiingereza, nayo ni marefu, na aghalabu yanashirikiana katika herufi tatu za mwanzo: c, o, na n, au m mahali pa n. Herufi hizo Waingereza walizirithi katika Kilatini, lugha ya Roma ya kale, na maana yake ni “pamoja”. Basi “company”, ambalo sisi tumelifanya kampuni, asili yake ni watu walao mkate pamoja. Na “contract” ni kuvutana pamoja hata pande mbili zikakutana. Kiswahili hakikuifuata njia hiyo, bali kilichukua mkataba kutoka Kiarabu, katika shina lile lile lililozaa kitabu, katibu na katiba. Na katika fiqhi ya Kiislamu mukataba ulikuwa hati maalumu, ambayo kwayo mtumwa alipatana na bwana wake kuinunua nafsi yake kidogo kidogo mpaka awe huru. Sijui neno jingine la biashara lenye nasaba tukufu kama hiyo.

Mkataba wa Buzwagi ulitiwa saini London, Februari 2007, na aliyeutia kwa upande wa Serikali alikuwa Waziri Nazir Karamagi. Watu waliuliza kwa nini dhahabu iliyo chini ya mashamba ya Kahama ifungiwe mapatano ng'ambo ya bahari, nao wakajibiwa kwa neno jingine la ukoo ule ule, “confidential”, yaani siri, ambalo kwa asili ni kuaminiana pamoja. Mwezi Agosti mwaka ule Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini, alilitaka Bunge liunde kamati teule ya kulichunguza jambo hilo. Hoja yake ilikataliwa naye akasimamishwa ubunge kwa muda, na tangu siku hizo jina la Buzwagi, ambalo hapo kabla lilijulikana kwa majirani zake tu, likawa midomoni mwa watu kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam. Novemba Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani. Kamati nayo, ukiipekua, ni “kutumwa pamoja”, na hapa nastaajabu kuona Kiswahili na Kilatini vimefika mahali pamoja bila kushauriana, kwa kuwa wengi waliiita tume, na tume ni mtoto halali wa kutuma. Kazi yao ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoizaa Sheria ya Madini ya 2010, iliyopandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4.

Lakini katika maneno yote hayo lililoniingia moyoni ni lile lenye herufi kumi na mbili, “compensation”. Nililikuta mikononi mwa mzee mmoja wa wilaya ile, tulipokuwa tumeketi kivulini baada ya kuamkiana, naye akafungua mfuko wa nailoni, ndani yake akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne hata mikunjo ikaanza kutoboka. Mali yake yote ilikuwa imeorodheshwa humo: nyumba ya udongo moja, miembe mitatu, mlimao mmoja, makaburi mawili. Aliliwekea neno lile ukucha wa kidole gumba akaniambia, “Mwanangu, hili nalijua kwa urefu wake, maana yake sijaambiwa.” Nilimjibu kwamba ni fidia, naye akaitikia kwa kichwa, kwani fidia alikuwa akiijua.

Hata hivyo sikumweleza yote, nami najuta hadi leo. Neno lile kwa Kilatini ni kupima pamoja: kitu hiki katika kitanga kimoja cha mizani na kile katika cha pili, mlipaji na mlipwaji wote wawili wakitazama. Mzee huyu ameishi katika nchi ambayo punje ya dhahabu haiuzwi pasipo mizani na macho ya muuzaji, ila makaburi ya wazazi wake yalitiwa thamani katika karatasi asiyoweza kuisoma. Fidia yetu, iliyotoka katika Kiarabu kwa maana ya kukomboa, ni nzito zaidi, kwa sababu humtaka mlipaji akumbuke kwamba anakomboa kitu kilichokuwa na mwenyewe.

Mwaka 2017 likaja neno jipya. Mchanga wa shaba, fedha na dhahabu uliotoka Bulyanhulu na Buzwagi, ambao Waingereza huuita “concentrate”, yaani kilichokusanywa pamoja kwenye kitovu kimoja, ulizuiwa kusafirishwa nje mwezi Machi, na kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikakagua makontena 277 yaliyokuwa bandarini Dar es Salaam, ikatoa taarifa yake Mei 24. Magazeti yaliandika kwanza “mchanga wa dhahabu”, kisha “makinikia” likashika. Mwenye sikio husikia ndani yake makini: mchanga uliotulia, ukaacha upuuzi wake, ukabaki na kilicho cha maana. Kwa maoni yangu ni tafsiri bora kuliko asili yake.

Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya kuyapitia upya masharti ya mikataba ya maliasili, na Kiingereza kikatoa neno refu kuliko yote, “unconscionable”, herufi kumi na nne, ambalo moyoni mwake limeficha kujua pamoja, yaani dhamiri, kisha likakanushwa kwa silabi ya mbele. Kiswahili kilisema masharti hasi. Nchi ya wafugaji haihitaji kamusi hapa, kwa kuwa kuhasi fahali ni kumwondolea uwezo wa kuzaa. Hata hivyo naona tafsiri hiyo imepoteza kitu kikubwa, maana hasi hukutajia dosari ya sharti, bali neno lile la Kiingereza hukutajia dosari ya mtu aliyejua akaliandika.

Mwaka 2021, ule ule dhahabu ilipokoma kutolewa Buzwagi, Tanzania ilibadili sheria zake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Nawaomba wanaoandaa mikataba ya migodi ijayo, Geita, Kahama na kwingineko, waiandike kwa Kiswahili tangu rasimu ya kwanza, kisha waisome kwa sauti mbele ya mkutano wa kijiji kabla kalamu haijashikwa.