Kupima Maradhi ya Zinaa Kusiwe Safari ya Mbali

Mchele wa pishori tunaoupikia biriani huku Pwani hutoka Mwea, kaunti ya Kirinyaga, na mji wake mkuu ni Wang'uru, kwenye barabara ya Embu. Nimefika huko mara kadhaa kufuata mchele. Msimu wa mavuno mji hujaa madereva wa malori, makuli, madalali, vibarua na kina mama wauza chakula, wengi wao wakiwa mbali na wake au waume zao. Hali hiyo sisi twaijua, maana Mariakani na Mtwapa ni vivyo hivyo. Palipo na wasafiri, maradhi ya zinaa nayo husafiri, na lori likirudi Mombasa halileti magunia peke yake.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu walipata maambukizi mapya milioni 374 ya kisonono, kaswende, klamidia na trikomona. Yote manne yana dawa. Shida ni kwamba mengi hayaonyeshi dalili, hasa kwa wanawake. Mke aliyetulia nyumbani aweza kukaa na klamidia miaka bila kuumwa, mirija ya uzazi ikaziba, kisha akaitwa tasa. Kaswende kwa mja mzito yaweza kuua mtoto tumboni, ilhali sindano ya penisilini ikitolewa mapema humkinga.

Katika zahanati zetu nyingi mgonjwa hutibiwa kwa dalili anazozieleza. Hiyo humsaidia anayeumwa, lakini asiye na dalili hupitwa. Wengine huona haya, wakaenda duka la dawa kununua vidonge vya kubahatisha. Ndivyo kisonono kinavyozoea dawa, hata baadhi ya zile za zamani hazikitibu tena.

Kwa hivyo kipimo chapaswa kuwa karibu, kwa bei nafuu, kwa saa ambazo kibarua ametoka kazini, na kwa siri. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2006 yalinda siri ya mpimwaji, na yakataza kumlazimisha mtu kupimwa ili apate kazi au aoe. Wachumba wakikubaliana wenyewe kupima kabla ya nikaha, hilo ni jema, na wasiishie kwenye VVU, wapime na kaswende na homa ya ini aina ya B. Tangu 2017 kuna vifaa vya kujipima VVU mwenyewe faraghani. Kikionyesha kuna virusi, nenda kituo cha afya ukahakikishe. Kikionyesha hakuna, na tukio ni la juzi, rudia baada ya miezi mitatu. Ukikutwa na kisonono au kaswende, mwenzako naye atibiwe, la sivyo mtarudishiana.

Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, tuliona jinsi huduma hizi zilivyoegemea mkono wa mgeni. Kaunti, iwe Kirinyaga, Kilifi au Mombasa, zitenge fedha zao. Nao maimamu na wazee wetu, wanaokemea zinaa kwa haki, waseme pia kwamba kutafuta tiba si kuhalalisha dhambi. Dini yatuamrisha kujitibu, na mke asiye na kosa ana haki ya kujua hali yake kabla hajapoteza uzazi.