Wadudu wanaokula majani mabaya: juu ya nini wengine wanalala wakati kazi ingali mingi?

Kuna majani mabaya ambayo panga na jembe vimeshindwa kuyamaliza. Njia moja ya kupigana nayo ni kutafuta mdudu kule jani lilikotoka, mdudu anayekula jani hilo tu, na kumleta. Lakini mbele ya kumwachilia, iko swali moja ambalo wengi hawalifikirii: huyu mdudu analala wakati gani?

Kulala namna gani?

Katika inchi za baridi kali, miti inaangusha majani na chakula cha wadudu kinaisha. Wengi wao wanapita miezi hiyo katika usingizi mzito unaoitwa diapozi. Si baridi yenyewe inayowalaza, kwa sababu mdudu anayengoja baridi ifike amekwisha kuchelewa. Alama yake kubwa ni urefu wa mchana. Masaa ya mwangaza yakipungua kufika kipimo fulani, anaacha kutaga mayai, anajaza mafuta mwilini, kisha anajificha chini ya majani makavu mpaka joto lirudi.

Mambo yaliyotokea Marekani

Mti mdogo wa tamarisiki ulipelekwa Marekani katika miaka ya 1800 ili kukinga upepo na kushika udongo wa kando ya mito. Ukasambaa na kufukuza mimea ya kienyeji. Mwaka 2001 wataalamu waliachilia mbawakawa wadogo wanaoitwa Diorhabda, waliotoka China na Kazakhstan. Katika jimbo la Nevada, upande wa kaskazini, walikula vizuri na miti ikabaki mitupu.

Lakini kusini kazi ilikwama. Wadudu hao walihitaji mchana wa karibu masaa 14 na nusu au zaidi ili waendelee kuzaa. Katika sehemu kubwa ya Texas, hata siku ndefu kuliko zote haifikishi kipimo hicho. Wakalala katikati ya joto, chakula kikiwa tele mbele yao, na wengi hawakuweza kuishi mpaka majira mapya. Ikabidi kuleta aina nyingine kutoka kisiwa cha Krete, Ugiriki, ambako mchana unafanana zaidi na ule wa Texas.

Saa inaweza kubadilika

Baada ya miaka michache, wale wa kaskazini nao walianza kubadilika. Waliochelewa kulala ndio walizaa zaidi, na uzao wao ukashuka kusini. Huko kuna ndege mdogo anayelindwa na sheria, ambaye alikuwa amezoea kujenga kiota ndani ya tamarisiki. Mwaka 2010 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango huo. Lakini wadudu walikuwa wamekwisha kusambaa, na hakuna wa kuwarudisha.

Na huku kwetu?

Goma na Bukavu ziko karibu na ikweta: tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka haifiki nusu saa. Lubumbashi inapita saa moja. Kwa hiyo fukusi wa Neochetina, waliotoka Amerika ya Kusini kwa kula gugu maji, hawana majira ya baridi ya kuwasimamisha huku. Katika Ziwa Victoria, walikoachiliwa tangu 1995, wanaweza kula na kuzaa mwaka mzima. Kule Afrika ya Kusini, kwenye nyanda za juu, baridi inawapunguza, na gugu linaota tena mbele wao hawajapata nguvu.

Basi mdudu akiletwa, kuuliza kama atakula mihogo au maharagi ni vizuri, lakini haitoshi. Wakaaji waulize pia: anatoka wapi, mchana wa kwao ni wa masaa mangapi, na akisambaa mbali, nani ataguswa? Maswali hayo yanaulizwa mbele ya kumwachilia, maana akisha kuruka, hashikiki tena.